Wanaoishia Langoni: Utatuzi wa Matatizo ya Kuifikia Bustani ya Jamii na Tovuti Yake

Mwongozo huu umetokana na kazi ya bustani moja ya jamii iliyoko upande wa Nyamasaria, Kisumu, pale ambapo uwanda wa Kano unaanza na udongo mweusi wa mfinyanzi unanata kiatuni tangu tone la kwanza la mvua. Unawahusu wote wanaosimamia bustani ya aina hiyo pamoja na tovuti inayotangaza siku za kazi, miche iliyopo kitaluni na namna ya kujiunga. Matatizo nimeyapanga kwa maneno ya walalamikaji wenyewe badala ya kuyapanga kwa aina ya ulemavu, kwa sababu sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba mahali fulani hapafikiki. Husema tu kwamba alikuja akarudi. Kazi ya msimamizi, kabla ya kununua saruji au kumlipa fundi wa tovuti, ni kuuliza swali moja: alirudia wapi hasa? Mara nyingi dalili huonekana bustanini ilhali chanzo chake kiko kwenye tovuti, au kinyume chake, na ndiyo maana hapa nimevishughulikia vyote viwili kana kwamba ni njia moja.

“Nilifika saa nane, mkawa mmeshaondoka”

Lalamiko hili lilitoka kwa mwanachama asiyeona, na kwa muda wa aibu tulilichukulia kuwa ni usahaulifu wake. Tovuti yetu ilikuwa imeandika kwamba kazi huanza “8:00”, nasi tulikusudia saa mbili asubuhi. Anayeona huzitazama tarakimu hizo na kuzigeuza kichwani bila hata kujua kwamba amegeuza chochote, lakini simu inayosoma maandishi kwa sauti ilimtamkia “nane”, naye, kama msemaji yeyote wa Kiswahili anayeanza kuhesabu saa baada ya jua kuchomoza, akaelewa saa nane mchana. Tiba yake haigharimu kitu: andika “saa mbili asubuhi” kwa maneno, kwenye tovuti, kwenye ubao wa langoni na kwenye ujumbe wa simu, na kama kuna wageni wanaosoma Kiingereza, waandikie ukurasa wao kwa hesabu yao.

Tarehe zina mtego wa namna hiyo hiyo, kwa kuwa 4/5 inaweza kusomwa kuwa tarehe 4 Mei au tarehe 5 Aprili kulingana na mpangilio wa simu. Taja mwezi kwa jina.

“Ramani ipo, lakini sikupaona”

Sababu ya kawaida ni kwamba mahali pa bustani pametajwa kwa alama ya ramani pekee. Ramani hiyo haisomeki kwa sauti, hula bando, na haimsaidii dereva wa tuktuk ambaye hana nia ya kusimama kandoni ili aangalie simu ya abiria. Weka ramani ukitaka, lakini chini yake andika maelezo ya njia kwa sentensi ambazo mtu anaweza kumsomea dereva au kuzikariri, nayo yataje vitu vinavyosikika na kukanyagika pamoja na vinavyoonekana. Kwa mfano: “Ukishuka stejini, barabara kuu ikiwa nyuma yako, fuata njia ya maramu iliyo kushoto. Utasikia mashine ya kusagia unga mkono wa kulia. Lango letu ni la pili baada ya mashine hiyo, na kabla ya lango utakanyaga daraja fupi la zege juu ya mtaro.” Kwa kuwa mashine ya kusagia hunyamaza stima zikipotea, usitegemee alama moja.

Eleza pia yale usiyojivunia. Ikiwa tuktuk haifiki langoni wakati wa mvua, au choo kina ngazi mbili, sema hivyo waziwazi. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu aliyeelezwa ukweli mapema anaweza kuja na msaidizi au kuchagua siku ya jua, lakini aliyevutwa na picha nzuri akakuta mtaro amepoteza nauli na nusu siku.

“Magurudumu yamekwama”

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, kwa sababu dalili ni rahisi kuiona na tiba ya haraka ni kumwaga kokoto. Udongo mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo kokoto iliyomwagwa juu yake moja kwa moja humezwa katika msimu mmoja wa mvua, na hata kabla ya kumezwa, mawe yasiyoshikana huyafanya magurudumu ya mbele ya kiti yazame na magongo yateleze. Njia inayodumu hujengwa kwa tabaka: chimba na kuondoa udongo wa juu, tandika mawe ya msingi, juu yake maramu iliyoshindiliwa ikiwa na unyevu, kisha umalize kwa unga wa mawe kutoka kwari, nao pia ushindiliwe. Katikati ya njia pawe pameinuka kidogo ili maji yaende pembeni, na pembeni pawe na mfereji wa kuyapeleka mbali. Wasioshughulikia maji hujenga njia ileile kila mwaka.

Wenzetu wa Nakuru wana tatizo la upande wa pili: udongo wao wa asili ya volkano ni mwepesi, hauwanatii watu miguuni, lakini hubebwa na maji kwa urahisi na kiangazi hugeuka vumbi ambalo gurudumu huzama ndani yake. Kwao kuimarisha kingo za njia kwa mawe au mbao ni muhimu kuliko kuchimba kwenda chini.

Upana wa njia usipungue sentimita 90, na mahali ambapo kiti kinageuka au watu wawili wanapishana pawe na sentimita 150. Penye kimo, mteremko usizidi uwiano wa 1 kwa 12, maana yake ni kwamba kimo cha sentimita 15 tu kinadai mteremko wenye urefu wa sentimita 180. Mafundi wengi hupunguza urefu huo kwa kusema kwamba nafasi haitoshi, wakaacha kitu kinachofanana na mteremko lakini kinachohitaji vijana wawili kumsukuma mtu mmoja. Pima kwa kamba na fimbo kabla zege halijakauka.

Lango nalo lichunguzwe. Letu lilikuwa na kizingiti cha zege kilichowekwa kwa sababu njema kabisa, ya kuwazuia kuku wasiingie kwenye miche, na hakuna aliyekumbuka kwamba gurudumu dogo la mbele hukwama hapo. Tulikivunja, tukaning’iniza chini ya lango ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya gurudumu la lori: kiti hupita, kuku hawapiti, ingawa jogoo mmoja wa jirani bado anabishana nasi. Komeo liwe mahali ambapo mtu aliyeketi anaweza kulifikia, nalo lifunguke kwa mkono mmoja, hata mkono usio na nguvu ya vidole. Waya uliosokotwa si komeo.

Fedha zikiwa chache, ushauri wangu ni kutoweka nusu ya kazi kila mahali. Kamilisha mzunguko mmoja: kutoka lango hadi kivulini, hadi kwenye bomba la maji, hadi kwenye matuta mawili, hadi chooni. Njia bora inayoishia mita tano kabla ya choo inampa mgeni ruhusa ya kukaa saa moja tu.

“Mgongo hauniruhusu tena”

Wanaosema hivi kwa kawaida ni wazee, na wengi wao hawajioni kuwa watu wenye ulemavu, hivyo hawatajitokeza ukitangaza “siku ya walemavu”. Tiba inayojulikana ni tuta lililoinuliwa, na vipimo vyake vya msingi si siri: kimo cha sentimita 60 hadi 75, na upana usiozidi sentimita 60 ikiwa linafikiwa kutoka upande mmoja au 120 likifikiwa kutoka pande zote mbili, kwa kuwa mkono wa mtu aliyeketi hufika karibu sentimita 60.

Kosa lililo gumu zaidi kuligundua ni la tuta la meza, lile linaloacha nafasi ya magoti chini yake. Magoti na viegemeo vya mikono vya kiti vinahitaji uwazi wa takriban sentimita 70 kutoka chini. Ukiweka juu ya uwazi huo sanduku la udongo lenye kina cha sentimita 25, ukingo wa tuta unafika sentimita 95, na aliyeketi anajikuta akifanya kazi mabega yakiwa juu kama anayechungulia dirishani. Dalili yake ni kwamba tuta lililojengwa kwa gharama kubwa kuliko yote ndilo lisilotumiwa na mtu yeyote. Suluhisho ni sanduku lenye sakafu ya umbo la V, jembamba ukingoni palipo na magoti na lenye kina katikati, ambapo sukuma wiki hupandwa kwenye kina na dania kwenye ukingo. Au kuachana kabisa na meza na kutumia tuta la kawaida la sentimita 60 linalofikiwa ubavuni.

Mwulize fundi pia kuhusu uzito. Meza yenye mita 1.2 kila upande na udongo wa kina cha sentimita 20 hubeba karibu mita 0.29 za ujazo, na udongo wa kawaida uliolowa kwa kiasi hicho huzidi kilo 400. Changanya mboji kwa wingi ili kupunguza uzito, na usijaze udongo mweusi peke yake, kwa sababu utapasuka na kuacha mizizi wazi. Tuta la juu hukauka haraka kuliko ardhi, kwa hiyo matandazo si pambo. Pahali pasipo na fedha za mbao, gunia lililosimamishwa, lenye nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji na mashimo ubavuni, humpa aliyesimama na aliyeketi sehemu ya kupanda kwa wakati mmoja, na sijaona meza inayolishinda kwa bei.

Maji yasisahauliwe. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na kuwaambia watu wote wachote maji kwa mitungi hiyo ni kuwaondoa wengine bila kuwataja. Weka vyombo vya lita tano kando ya bomba.

“Simu inasoma upuuzi”

Asiyeona hutumia programu ya kusoma skrini: TalkBack kwenye simu za Android, VoiceOver kwenye za Apple, au NVDA, ambayo ni ya bure, kwenye kompyuta za Windows. Akisema kwamba tovuti yenu inasoma upuuzi, mwombe akusikilizishe, kwa sababu upuuzi una aina zake na kila aina ina chanzo tofauti.

Ikiwa maneno ya Kiswahili yanatamkwa kwa matamshi ya Kiingereza, kiasi kwamba “maua” na “miche” hayatambuliki, ukurasa haukutangaza lugha yake. Watengenezaji hunakili kiolezo cha Kiingereza kikiwa na tangazo la lugha lang="en" na kubadilisha maandishi tu. Badilisha liwe lang="sw", na penye aya ya Kiingereza au ya Dholuo itangaziwe lugha yake. Sauti ya Kiswahili ipo, kwa mfano katika eSpeak NG, programu ya kutoa sauti inayokuja pamoja na NVDA, lakini programu ya kusoma skrini haiwezi kuichagua kwa uhakika isipoambiwa.

Ikiwa anasikia “picha, picha” na mfululizo wa herufi na tarakimu, picha hazina maelezo mbadala. Maelezo hayo hayapaswi kuwa “picha ya bustani”, bali yaseme kile ambacho picha imewekwa kukionyesha: “Mteremko wa zege wenye vishikio pande zote mbili, kutoka lango hadi kwenye kitalu.” Picha ya mapambo tu iachiwe maelezo matupu ili programu iiruke.

Ikiwa hasikii chochote kuhusu mafunzo ambayo kila mtu mwingine anayajua, tafuta bango. Matangazo yetu mengi hutengenezwa kama picha yenye maandishi yaliyorembwa, hurushwa kwenye kundi la WhatsApp, kisha hubandikwa vivyo hivyo kwenye tovuti. Kwa programu ya kusoma skrini, hiyo ni picha moja bubu. Lirushe bango lako, lakini pamoja nalo andika siku, saa, mahali na nauli kwa maandishi ya kawaida.

“Nimetafuta osuga, naambiwa hakuna”

Hili halihusu ulemavu wowote, na ndilo lililowafungia nje watu wengi kuliko kizingiti. Mboga inayoitwa managu na wengine ni osuga kwa Wajaluo na lisutsa kwa Waluhya. Saga ni dek, mrenda ni apoth, kunde ni boo, na terere ni ododo. Orodha ya miche yenye jina moja rasmi humwambia mama aliyelima mboga hiyo maisha yake yote kwamba haipo. Andika majina yote kwenye ukurasa wa kila mmea na kwenye kibao chake bustanini, na hakikisha kisanduku cha kutafutia kinayajua yote.

“Maandishi yamefifia”

Miongozo ya kimataifa ya ufikikaji wa tovuti, WCAG, ambayo toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Tovuti za bustani zina maradhi yake maalumu: kijani. Maandishi meupe juu ya kijani kinachopendwa sana, kile chenye msimbo wa rangi #4CAF50, hufikia takriban 2.8 kwa 1 tu, na ukisimama na simu hiyo kwenye jua la adhuhuri la Kisumu, hata mwenye macho makali haoni kitu. Kijani kilichokolea cha #1B5E20 hufikia karibu 7.9 kwa 1 na bado ni kijani.

Vibao vya bustanini huugua ugonjwa huohuo, kwa hiyo visirembwe kwa manjano juu ya kijani kibichi. Vibao vya kugusa, viwe vya Breli au vya herufi zilizoinuka, visiwe vya bati tupu, kwa kuwa saa sita mchana bati huunguza vidole. Wala si kila asiyeona anasoma Breli. Kamba inayopita kando ya matuta, yenye fundo moja mbele ya tuta la kwanza na mafundo mawili mbele ya la pili, huwaelekeza wote.

“Fomu imenirudisha mwanzo”

Jaza fomu yako bila kugusa kipanya, kwa kibodi pekee, ukisonga kwa kitufe cha Tab. Ukipotea, visanduku havina majina yaliyofungamanishwa navyo au mpangilio wake umevurugika. Ondoa fumbo la kuchagua picha za taa za barabarani. Kosa lielezwe kwa maneno, “Nambari ya simu imepungukiwa na tarakimu moja”, badala ya kisanduku kugeuka chekundu tu, na yaliyokwisha kujazwa yasifutwe. Kisha weka nambari ya kupiga na ya kutuma ujumbe mfupi, kwa sababu mwenye simu ya vitufe hataiona fomu hiyo hata ikiwa imekamilika.

“Viziwi waliacha kuja mafunzoni”

Chunguza kwanza jinsi mafunzo yanavyoendeshwa. Mkufunzi anayezungumza huku ameinamia shimo la mboji, au anayesimama jua likiwa mgongoni mwake, amewaficha uso wale wanaosoma midomo na kumfanya mkalimani achelewe kila hatua. Onyesha kwanza, kisha simama, kisha eleza. Mtu hawezi kutazama jembe na mikono ya mkalimani kwa pamoja.

Manukuu kwenye video za tovuti ni ya lazima, ila yasihesabiwe kuwa yamemaliza kazi. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake na si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 120, inaitaja kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Kwa kiziwi aliyekua nayo, manukuu ya Kiswahili yanaweza kuwa lugha ya pili au ya tatu. Video fupi ya dakika mbili iliyoelezwa kwa lugha ya ishara na mwanachama kiziwi mwenyewe, akieleza namna ya kufika na kujiunga, ina thamani kuliko manukuu ya saa nzima.

“Jua”

Wanachama wenye ualbino hudhuriwa ngozi na macho na jua kali, na wengi wao wana uoni hafifu pia. Zamu zao ziwe mapema asubuhi au jioni, kitalu kiwe chini ya kivuli, na tovuti itaje saa za zamu hizo. Jioni ya Kisumu ina radi na mvua zake, hivyo kivuli chenye paa huwafaa wote.

“Hakuna aliyelalamika”

Hii nayo ni dalili, na ndiyo inayodumu kuliko zote. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu, nayo Ibara ya 54 ya Katiba inawapa haki ya kufikia mahali na habari. Kwa hiyo bustani ya mtaa mkubwa isiyosikia neno lolote kutoka kwao haina sababu ya kujipongeza. Chanzo mara nyingi ni kwamba njia pekee ya kulalamika ni fomu ileile iliyowashinda. Pokea malalamiko kwa simu, kwa ujumbe wa sauti na kwa mdomo langoni, na uwatafute walioacha kuja, uwaulize kwa heshima ni lini walikuja mara ya mwisho na walirudia wapi.

Sisi huweka daftari lenye maneno ya mlalamikaji, mahali aliporudia, chanzo tulichokikuta, jina la aliyekabidhiwa kazi na tarehe. Kila mwezi mmoja wetu huzima mwanga wa skrini, huwasha TalkBack na kujaribu kujiandikisha kama mgeni. Na asubuhi inayofuata mvua kubwa ya kwanza ya msimu, mwingine huleta kiti cha magurudumu kilicho na mtungi wa lita 20 uliojaa maji, akakisukuma kutoka stejini hadi chooni. Akikwama, huandika mahali alipokwama kabla hajaosha miguu.